Mtihani Ambao Sikuufanya

Jumatatu, 18 Machi 1974

Leo saa nne Meneja alituita sote, makarani na wasichana wa kadi, akatangaza kwamba kampuni inaleta kompyuta. Itakuwa yetu wenyewe, hapa Kisumu, mwezi wa saba, ndani ya chumba kile kilichokuwa stoo ya magunia ya pamba.

Hadi sasa kazi yetu ni kutoboa kadi tu: jina la mkulima, namba ya soko, uzito wa pamba. Mimi natoboa, na Dorca Apiyo anahakiki, yaani anapiga kadi ileile mara ya pili kwenye mashine yake, na kama nimekosea taa nyekundu inawaka. Ijumaa kadi zinapanda treni kwenda Nairobi, Jumatano karatasi zinarudi zimechapwa. Ni miaka mitatu sasa tunailisha kompyuta ambayo hatujawahi kuiona.

Kutakuwa na mtihani wa Misingi ya Kompyuta tarehe 15 Juni. Atakayepata alama za juu kati yetu ndiye atakayepelekwa kufunzwa kuiendesha. Nafasi ni moja. Dorca alinifinya mkono.

Kaka yangu Laban alikuwa amesimama na makarani wenzake ukutani. Yeye ndiye mkubwa wa makarani wa rejista, na ndiye aliyenitafutia kazi hapa. Baba alipofariki alinitoa nyumbani Samia, akanisomesha mpaka kidato cha nne, na mpaka leo tunakaa pamoja mtaa wa Kaloleni, hapa mjini. Tukirudi nyumbani aliniambia, "Hii ni yako, Nakhungu. Simwoni mwingine."

Nimeandika haya ili nikifika huko nikumbuke nilianzia wapi.

Ijumaa, 22 Machi

Fomu zimejazwa. Lazima mkubwa wa idara asaini, na huyo kwetu ni Laban. Alisaini yangu kwanza, halafu ya Dorca, akazitia kila moja katika bahasha yake na kumpa Mzee Obiero wa barua mbele ya macho yetu. Mzee Obiero mguu umemvimba, kwa hivyo kesho mchana Dorca atamsaidia kupeleka mfuko posta.

Kwenye picha ya fomu nimetoka kama mtu aliyepigwa na habari mbaya.

Jumanne, 26 Machi

Darasa la kwanza, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa kanisa. Mwalimu ni Bwana Joram, aliyewahi kufanya kazi na kompyuta Nairobi. Mvua ilipiga mabati kiasi kwamba hatukusikia neno. Akaacha kusema, akaandika ubaoni tu, na sisi tukanakili. Tulikuwa watu tisa, wasichana wawili.

Jumanne, 2 Aprili

Laban amechukua kazi ya kunisikiliza. Tukishakula ugali anaketi na karatasi za Bwana Joram mkononi kama padri.

"Sehemu za kompyuta ni zipi?"

"Ya kuingizia, ya kutolea, ya kukumbuka, ya kuhesabu, na ya kuamrisha."

"Hiyo ya kuamrisha inafanya nini?"

"Inasoma agizo moja baada ya lingine na kuziambia sehemu zingine cha kufanya."

"Na agizo likiwa la kijinga?"

"Italifanya hivyohivyo. Haina akili ya kukataa."

Alicheka mpaka akaondoa miwani. "Basi ni kama mimi na Meneja," alisema.

Jumapili, 14 Aprili

Pasaka. Mvua kutoka ibada mpaka jioni. Sikusoma.

Alhamisi, 18 Aprili

Namba za kompyuta ni sifuri na moja peke yake. Dorca alikuwa karibu kulia. "Nyamera," alisema, akiniita dada kwa Kijaluo chao, "mtu anaandikaje kumi na tatu kwa sifuri na moja?" Baada ya darasa nilimpeleka kwa kioski nikaomba vifuniko vya soda. Nikaweka duara nne chini kwa chaki: nane, nne, mbili, moja. "Kumi na tatu ina nane ndani?" Ina. Kifuniko. "Imebaki tano. Ina nne?" Ina. Kifuniko. "Imebaki moja. Ina mbili?" Haina. Acha wazi. "Ina moja?" Kifuniko. Soma: moja, moja, sifuri, moja. Dorca aliruka hapo kwa kioski kama mtu aliyeokoka.

Yeye naye ni bingwa wa michoro ya hatua, ile ya mishale na visanduku. Mimi mishale yangu hurudi ilikotoka na kuzunguka bila mwisho. Tumekubaliana: mimi namfundisha namba, yeye ananifundisha michoro. Bwana Joram alitukumbusha kwamba nafasi ni moja. Dorca akamjibu, "Mwalimu, tutagawana baadaye."

Jumatatu, 29 Aprili

Wakhisi, karani wa pili, hanisalimii tena. Leo alisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba mashine hiyo inafanya kazi ya makarani sita, na makarani wa rejista wako saba. Laban alikuwepo. Aliendelea kuandika.

Nyumbani nikamwuliza kama ni kweli. "Maneno ya ofisini," alisema. "Wewe soma."

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Barabara ya sokoni imekuwa mto. Kumbukumbu ya kompyuta ni vipete vidogo vya sumaku vilivyopitishwa nyaya; kila kipete kinashika sifuri au moja. Bwana Joram alituonyesha kimoja ndani ya kiberiti. Ni kidogo kuliko punje ya wimbi.

Jumanne, 21 Mei

Dorca amepata barua kutoka Nairobi: fomu yake imefika. Mimi sijapata kitu. Nilimwambia Laban. Alikunja uso, akasema kesho atapiga simu kutoka ofisini.

Jumatano, 22 Mei

Amepiga. Walimwambia fomu yangu wanayo, barua iko njiani, na hata isipofika namba zote zitabandikwa mlangoni siku ya mtihani. Nimelala mchana wa leo kwa amani, dakika kumi, kichwa juu ya mashine, mpaka Dorca akaniamsha.

Ijumaa, 31 Mei

Mtihani wa majaribio. Mimi themanini na moja, Dorca sitini na nane. Laban alipoona karatasi aliishika muda mrefu, akasoma kila jibu, hata yale niliyopata. Kisha akasema, "Umefanya vizuri sana," na akatoka nje kusimama kwenye manyunyu. Nilidhani ni furaha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekosea kadi kumi na moja leo. Akili iko kwingine. Dorca hakuniripoti.

Ijumaa, 14 Juni

Kesho. Laban amenichongea penseli tatu kwa wembe, zote urefu mmoja, na kuzifunga kwa uzi. Alinipigia pasi gauni la bluu yeye mwenyewe. Aliniuliza maswali ishirini, nikajibu yote. Alisema, "Basi. Inatosha. Hata watungaji wa mtihani hawana zaidi ya hapo."

Jumamosi, 15 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulifika shuleni saa mbili kasorobo, mimi na Dorca, tukishikana mikono kwa sababu ya matope. Orodha ilikuwa imebandikwa mlangoni. Majina ya Kisumu yalikuwa manane. Dorca alipata lake haraka, la kwanza. Mimi nikasoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Nikasoma na ya Kakamega, labda wamenichanganya huko. Dorca naye akasoma. Tulisoma mpaka watu walio nyuma wakatuambia tupishe.

Msimamizi alikuwa mzee mpole mwenye koti la mvua. Nikamwambia jina langu. Akatazama karatasi yake. "Mama, hauko hapa."

"Fomu yangu iko Nairobi. Walipigiwa simu wakasema wanayo."

"Nimeletewa karatasi nane za maswali, na watu ni wanane. Nikikuingiza utaandikia wapi?"

Bwana Joram alikuja akamwomba. Alimwambia mimi ndiye mwanafunzi wake bora. Msimamizi akasema anasikitika, na niliona kweli anasikitika, lakini saa tatu ilipofika alifunga mlango. Dorca alikuwa ndani. Alinitazama mara moja kupitia dirishani, halafu akainama kuandika.

Mvua ilianza. Nilisimama kwenye baraza la shule saa tatu nzima na penseli zangu. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Laban alisaini mbele yangu. Laban alipiga simu. Lakini mfuko wa barua nani aliupeleka posta? Nani alipata barua yake na mimi nikakosa? Nani alijua kuwa nikiingia hapati kitu, kwa sababu tofauti yetu ni alama kumi na tatu?

Alipotoka alinikimbilia mikono wazi. "Nyamera, tutaandika Nairobi, tutalalamika."

Nikamwuliza, "Uliifanya nini bahasha yangu?"

Hakuelewa kwanza. Alipoelewa, mikono ilishuka.

"Nakhungu. Mimi?"

"Mfuko ulikuwa na wewe."

"Mfuko ulikuwa umefungwa. Niliutoa kwa Mzee Obiero nikaufikisha posta."

Nilimwacha hapo amesimama. Nyumbani Laban alikuwa amenipikia samaki. Nilipomweleza aliketi kitandani, akashika kichwa. Nikamwambia ni Dorca. Akasema, "Watu hawajulikani."

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi nilimkuta Dorca mferejini akichota maji, na wanawake wa Kaloleni wamepanga foleni na ndoo zao. Nilimwita mwizi. Nilisema yote kwa sauti: kwamba nilimfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda, naye akanilipa kwa kutupa fomu yangu. Ndoo yake ilijaa ikamwagika, na hakuna mtu aliyefunga mfereji.

Jumatatu, 17 Juni

Natoboa. Yeye anahakiki. Hatuzungumzi. Taa nyekundu imewaka mara nne, na kila mara ameniwekea kadi mezani bila kunitazama.

Jumatano, 19 Juni

Leo saa saba, wengine wakiwa wameenda kula, Dorca alisimama mbele ya meza yangu.

"Simama. Twende kwa Mzee Obiero."

Sikutaka. Akasema, "Umenivunjia jina mbele ya majirani. Unanidai nini tena, kwamba hata kutembea hatua ishirini hutaki?"

Mzee Obiero ana kitabu. Kila barua inayotoka anaiandika humo, tarehe na inakokwenda. Sote tunajua kiko, ila nani hukikumbuka? Alikifungua kwenye mwezi wa tatu, akaweka kidole. Tarehe 22: bahasha mbili, Nairobi, mtihani. Chini yake, tarehe 23, saa tatu asubuhi: *Bahasha moja, N., imerudishwa kwa mwenye kuituma.* Na sahihi.

Ninaijua sahihi hiyo. Iko kwenye ripoti zangu zote za shule, mahali pa mzazi.

"Alisema kuna kosa anataka kurekebisha," alisema Mzee Obiero. "Nilidhani aliipeleka mwenyewe baadaye. Mama, mimi sikujua."

Nilimtazama Dorca. Nilitaka kusema kitu. Alisema yeye, "Bado. Kwanza nenda kwako." Na akarudi kwenye mashine yake.

Laban alifika nyumbani saa kumi na mbili, viatu vimejaa matope. Nilimngojea mlangoni, sikumwacha hata avue koti.

"Tarehe ishirini na tatu mwezi wa tatu ulichukua nini kwa Mzee Obiero?"

Hakudanganya. Hilo naliandika kwa upande wake. Alitia mkono ndani ya koti, koti lilelile la kazi analovaa kila siku, akatoa bahasha na kuiweka mezani. Haikuwa imekunjwa hata pembe moja. Picha yangu ilikuwa bado imebanwa kwa pini.

"Sikuweza kuichana," alisema.

"Ulikuwa nayo mfukoni? Kila siku?"

"Kila siku."

"Ukiniuliza maswali?"

Akaitikia kwa kichwa.

Akaketi, akaanza kueleza, na mimi nikabaki nimesimama. Miaka kumi na minne ameandika majina ya wakulima wa pamba, tangu Samia hadi Kendu Bay, kwa mkono wake, na Meneja alikuwa amemwambia mapema, kabla ya kututangazia sisi, kwamba mashine ikija makarani watabaki wawili, na hakusema ni akina nani. Wakhisi na wengine waliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba zao atakayeisaidia hiyo mashine. "Mimi ni mkubwa wao," alisema. "Wangesema nini? Kwamba nimeleta dada yangu atutoe?"

"Lakini fomu ya Dorca uliiacha iende."

"Dorca akiendesha hiyo kitu, ni mashine imenitoa. Wewe ukiendesha, ni dada yangu amenitoa. Nakhungu, mimi nilikulea."

"Na simu? Ulipiga simu?"

"Hapana."

"Na Jumamosi niliposema ni Dorca?"

Hapo ndipo alipolia. Sijawahi kumwona akilia, hata Baba alipozikwa. Alisema kila jioni alikuwa akijiambia leo nitamweleza, na kila jioni nilikuwa nikijibu vizuri sana hata akashindwa. Alisema mwanzoni alitumaini nitachoka na kuacha, isingekuwa lazima. Halafu siku zikapita, fomu hazipokelewi tena, na hakukuwa na la kueleza.

Nilimwambia, "Ungenikataza. Ungesema tu, Nakhungu usifanye, nitafukuzwa. Ningekusikia. Ni wewe. Ningekusikia."

"Najua," alisema.

Sijui ni kwa nini neno hilo ndilo limeniumiza zaidi ya yote. Kama angejua ningekataa, ningemwelewa. Alijua ningekubali, na bado hakuniuliza.

Alhamisi, 20 Juni

Sikuenda kazini. Mvua.

Jumapili, 23 Juni

Nilikwenda kumwomba Dorca msamaha nyumbani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akisuka nywele za mdogo wake.

"Ulinitukana wapi?"

"Mferejini."

"Basi si hapa."

Kwa hivyo nikachukua ndoo, nikaenda. Wanawake walikuwa wengi kuliko Jumapili iliyopita, kwa sababu Jumamosi maji yalikatika. Nikasema, mama zangu, dada zangu, wiki iliyopita nilimwita Dorca Apiyo mwizi, na ulikuwa uongo. Aliyezuia fomu yangu ni mwingine. Mama mmoja akauliza, "Ni nani sasa?" Nikasema simtaji. Dorca alikuwa amesimama nyuma ya foleni na ndoo yake tupu. Hakutabasamu. Lakini zamu yangu ilipofika alisogea mbele akanisaidia kujitwika.

Jumatatu, 1 Julai

Nimehamia kwa Seline, tunayeimba naye kanisani. Chumba kimoja, vitanda viwili. Laban alinibebea sanduku mpaka mlangoni. Nilimwambia aliweke chini, akaliweka.

Jumatano, 10 Julai

Kompyuta imefika kwa lori, makabati manne ya rangi ya kijivu. Wapagazi kumi na wawili. Ukuta wa stoo ilibidi ubomolewe upande mmoja. Makarani wote walitoka kutazama, na Laban katikati yao, mikono nyuma. Kabati la pili lilipokwama, Meneja alipaza sauti aitwe mtu wa kushika kona. Laban ndiye aliyekuwa karibu. Akavua koti, akashika.

Ijumaa, 9 Agosti

Matokeo. Dorca amepita, alama sabini na mbili, wa kwanza Kisumu. Atakwenda Nairobi miezi mitatu. Alikuja mezani kwangu na barua, akaniambia, "Swali la nne lilikuwa kuandika kumi na tatu kwa sifuri na moja." Sote wawili tulicheka, halafu mimi nikalazimika kwenda msalani kuosha uso. Nilipoijibu ile namba kichwani mwangu, niliiona orodha yote mlangoni tena.

Makarani watano wamepewa barua za kuachishwa, Wakhisi mmoja wao. Laban hakuachishwa. Kampuni imempeleka Bondo, awe karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Ataanza mwezi ujao. Kwa hiyo angebaki na kazi hata ningefanya mtihani, au labda amebaki kwa sababu sikuufanya. Nimefikiria hivi na vile, na hakuna wa kuniambia.

Jumapili, 18 Agosti

Mama amekuja kutoka Samia kumuaga Laban. Alituletea omena na karanga, na akakasirika kukuta nguo zangu hazipo nyumbani.

Tuliketi watatu mezani, mahali petu pa zamani. Ni mwezi na nusu sijaingia humo. Laban alikuwa amekonda. Mama alitazama huku na huku.

"Mbona hamkai pamoja? Mmegombana?"

Laban aliweka kijiko chini. Niliona anafungua mdomo, na niliona kwamba safari hii angesema. Nikamtazama Mama. Ana mtoto wa kiume mmoja. Anaposali humtaja yeye kwanza, kwa sababu ndiye aliyetuokoa Baba alipokufa, na ni kweli alituokoa.

"Ni kazi tu, Mama," nilisema. "Kwa Seline ni karibu na ofisi."

"Karibu kwa hatua ngapi?"

"Chache."

Alinung'unika, akala. Laban hakula tena. Nilipotoka kumwaga maji ya kunawa alinifuata uani.

"Asante," alisema.

"Sikusema kwa ajili yako."

"Najua."

"Usiniambie unajua."

Aliuliza kama nitakwenda kumtembelea Bondo. Nilimwambia sijui, na sikusema hivyo ili kumwumiza. Nikijiuliza, sioni jibu.

Saa tisa tulimsindikiza Mama kituo cha mabasi. Mimi nilimshika mkono kwa sababu ya madimbwi, na Laban alibeba kikapu chake nyuma yetu. Mama alizungumza njia nzima: ng'ombe, shemeji, paa linalovuja. Kwenye njia panda ya sokoni lori lilipita kati yetu, likamwacha Laban upande wa pili wa barabara. Mama hakuona. Mimi niliona, na nikaendelea kutembea.